Mwenye akiba kwanza: Mafunzo ya benki zilizofungwa

Asubuhi ya Jumanne, Oktoba 13, 2015, hati fungani ya Imperial Bank yenye thamani ya Sh2 bilioni ilikuwa ianze kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Wawekezaji walikwisha kutoa fedha zao, vibali vilikwisha kupatikana, na hesabu zilizochapishwa zilionyesha benki yenye faida na afya njema. Hati hiyo haikuuzwa. Siku hiyohiyo Benki Kuu ya Kenya (CBK) ilitangaza kwamba Imperial imewekwa chini ya usimamizi wa Shirika la Bima ya Amana la Kenya (KDIC). Matawi yakafungwa, kadi zikagoma kwenye mashine za kutolea fedha, na hundi zilizokwisha kuandikwa zikakosa thamani.

Waliokwama siku ile hawakuwa wacheza kamari. Walikuwamo wafanyabiashara waliosubiri kulipia shehena bandarini Mombasa, waajiri wenye mishahara ya mwisho wa mwezi, wazazi wenye karo na wastaafu wenye kiinua mgongo. Wote walikuwa wamefanya jambo ambalo serikali, walimu na matangazo ya redio hutuhimiza kila siku: kuweka akiba benki badala ya kuificha chini ya godoro.

Miaka imepita tangu siku ile, na mengi yamebadilika katika sheria na usimamizi wa benki. Lakini swali lililoulizwa kwenye milango ile iliyofungwa bado lina uzito uleule kwa Mkenya, Mtanzania na Mganda: benki inapoyumba, nani alindwe kwanza? Historia ya migogoro ya fedha, ya kwetu na ya wengine, ina jibu lililo wazi. Nchi iliyomlinda mwenye akiba mapema, hadharani na kwa kiasi kinachomtosha, ilitoka salama. Nchi iliyolinda siri za benki na mali za wamiliki wake ililipa mara mbili.

Benki tatu ndani ya miezi minane

Imperial haikuanguka peke yake. Mnamo Agosti 14, 2015, CBK ilikuwa imeifunga Dubai Bank Kenya, benki ndogo iliyoshindwa kutimiza kiwango cha fedha taslimu ambacho kila benki hutakiwa kukiweka Benki Kuu. Kwa kuwa ilikuwa ndogo, wengi waliichukulia kama tukio la pembeni.

Imperial ilikuwa habari nyingine kabisa. Septemba mwaka huo mkurugenzi mtendaji wake alifariki dunia. Wiki chache baadaye bodi yenyewe ikaenda CBK kueleza kwamba imegundua mambo yasiyo sawa ndani ya vitabu. Uchunguzi ulipofanyika, ilibainika kuwa kwa miaka mingi fedha zilikuwa zikitoka kwa njia ambazo hazikuonekana kwenye hesabu rasmi. Kiasi kilichotajwa kilikuwa takriban Sh34 bilioni. Wakaguzi wa nje walikuwa wamepita, wasimamizi walikuwa wamepita, na ripoti za kila robo mwaka zilikuwa zimechapishwa magazetini bila kuonyesha chochote.

Kisha ikaja Chase Bank. Mapema Aprili 2016 benki hiyo ilitoa upya hesabu zake za mwaka uliotangulia, na safari hii mikopo iliyotolewa kwa watu wa ndani, yaani wakurugenzi, wanahisa, wafanyakazi na kampuni zenye uhusiano nao, ilikuwa imepanda hadi zaidi ya Sh13 bilioni. Aprili 6 mwenyekiti na mkurugenzi mtendaji wakajiuzulu. Habari zikasambaa kwenye simu kwa kasi ambayo hakuna taarifa rasmi ingeweza kuishinda. Watu wakatoa fedha matawini, kwenye mashine na kwa simu zao. Aprili 7, Chase ikafungwa.

Hapo hofu ikavuka mipaka ya benki moja. Wenye fedha katika benki ndogo na za kati wakaanza kuulizana: inayofuata ni ipi? Wengine wakahamisha amana kwenda benki kubwa, bila kujali kama benki waliyoihama ilikuwa na kosa lolote.

Kwa nini hata benki nzima huweza kuanguka

Ili kuelewa hofu hiyo, ni lazima kuelewa benki inavyofanya kazi. Ukiweka Sh100,000, benki haizifungii kwenye sanduku lenye jina lako. Sehemu kubwa humkopesha mwenye kujenga nyumba kwa miaka 15, mkulima anayesubiri mavuno, au huikopesha serikali kupitia hati za hazina. Sheria ya Kenya huitaka benki ibaki na ukwasi usiopungua asilimia 20 ya amana, yaani fedha taslimu na mali nyingine zinazoweza kugeuzwa fedha haraka.

Siku za kawaida mpango huo unatosha, kwa sababu wateja hawatoi fedha zao zote kwa pamoja. Lakini wakija wote siku moja, hakuna benki duniani inayoweza kuwalipa, hata kama kila mkopo wake unalipwa vizuri. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 hauwezi kuuzwa kabla ya saa kumi jioni.

Kwa hiyo kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa dalili. La kwanza ni ukata wa muda: benki ina mali ya kutosha kulipa madeni yake, lakini mali hiyo haipo mkononi leo. La pili ni ufilisi: mali imekwisha, imeibwa au imekopeshwa kwa wasiolipa. Kazi ngumu kuliko zote za benki kuu ni kutofautisha mawili hayo kwa haraka, huku foleni ikiendelea kurefuka.

Mwaka 1873 mwandishi Mwingereza Walter Bagehot, katika kitabu chake *Lombard Street*, alieleza kanuni ambayo benki kuu nyingi zimeifuata hadi leo: wakati wa taharuki, benki kuu iikopeshe bila choyo benki yenye dhamana nzuri, na iitoze riba ya juu. Ndivyo CBK ilivyofanya Aprili 2016. Gavana Patrick Njoroge alitangaza kwamba benki yoyote itakayobanwa na ukwasi bila kosa lake itapewa fedha na Benki Kuu. Tangazo hilo lilisaidia kuituliza sekta. Na Chase yenyewe, tofauti na Imperial, ilifunguliwa tena Aprili 27, siku 20 tu baada ya kufungwa, ikiwa chini ya usimamizi wa benki ya KCB, na wateja wakaruhusiwa kuchukua hadi Sh1 milioni.

Siku 20 hizo zina somo kubwa. Mteja anayejua lini atapata fedha zake na kiasi gani, hata kama si zote, anaweza kupanga maisha. Asiyejua chochote huuza mali kwa bei ya hasara, hukopa kwa riba kali, na hueneza hofu kwa jirani yake. Kusubiri bila habari ni hasara nyingine juu ya hasara.

Ukweli uliochelewa

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ukifuatilia historia ya benki za Kenya utaona methali hiyo ikitimia kizazi baada ya kizazi. Kati ya 1984 na 1986 taasisi kadhaa za fedha zilianguka, na ndipo Mfuko wa Kulinda Amana ukaundwa. Mwaka 1989 taasisi tisa zilizokuwa taabani ziliunganishwa kuwa Consolidated Bank. Mwaka 1993, wakati wa kashfa ya ufisadi ya Goldenberg, Exchange Bank, Trade Bank na Pan African Bank zikaporomoka. Mwaka 1998 zikafuata Trust Bank na nyingine kadhaa.

Majina yanabadilika, lakini jambo moja linajirudia: mikopo kwa watu wa ndani. Mwenye benki anajikopesha fedha za wateja, halipi, na deni linaandikwa upya kila mwaka ili lionekane jipya. Kwenye hesabu, mkopo huo ni mali ya benki. Katika uhalisia, ni shimo.

Shimo hilo likigunduliwa likiwa dogo, mwenye benki anaweza kulazimishwa kuongeza mtaji au kuuza hisa zake, na mteja asijue kabisa kwamba kulikuwa na tatizo. Likiachwa miaka mitano, kumi, kulijaza hakuwezekani tena. Ndiyo maana kila mwezi wa kuficha huongeza bili atakayoletewa mwenye akiba mwishoni.

Baada ya 2016, CBK ilizibana benki zitaje mikopo mibovu kama ilivyo badala ya kuipaka rangi. Takwimu zikapanda, na wengi wakadhani hali imeharibika ghafla. Ukweli ni kwamba sehemu ya uharibifu ilikuwapo tangu zamani, sasa ilikuwa inaonekana. Mwishoni mwa 2024 mikopo isiyolipika ilizidi asilimia 16 ya mikopo yote nchini Kenya. Hiyo si habari njema hata kidogo, na sehemu yake inatokana na serikali yenyewe kuchelewa kuwalipa wakandarasi na wazabuni wake. Lakini heri takwimu mbaya zilizo za kweli kuliko nzuri zilizopikwa, kwa sababu za kwanza zinaweza kufanyiwa kazi.

Bima inapokuwa ndogo kuliko hofu

Imperial ilipofungwa, bima ya amana nchini Kenya ilikuwa Sh100,000 kwa kila mteja, kiwango kilichokuwa kimedumu miaka mingi huku bei za vitu zikipanda kila mwaka. Tuangalie kwa karibu maana ya kiwango hicho.

Chukua chama cha akina mama 20. Kila mmoja amechanga Sh5,000 kwa mwezi kwa muda wa mwaka mzima. Akiba yao ni Sh1.2 milioni, na wameifungulia akaunti moja kwa jina la chama. Kwa hesabu ya bima, hao si watu 20. Ni mteja mmoja. Benki ikifilisika, chama kinalipwa Sh100,000. Wakigawana, kila mama anapata Sh5,000, yaani mchango wa mwezi mmoja. Miezi kumi na mmoja iliyobaki wataisubiri kwa mfilisi, ambaye atalipa kadiri atakavyouza mali na kudai wadaiwa, kwa miaka.

CBK na KDIC waliona kwamba kiwango hicho hakingetosha kutuliza watu. Kwa hiyo, kwa wateja wa Imperial, wakapanga malipo ya hadi Sh1 milioni kupitia benki nyingine mbili, DTB na NIC. Wateja wengi, hasa wadogo, wakapata chao chote. Wenye zaidi walisubiri. Imperial ilipopelekwa kwenye ufilisi Desemba 2021, miaka sita baadaye, wapo waliokuwa bado hawajarudishiwa akiba yao kamili. Kwa Chase, benki ya SBM ya Mauritius ilichukua asilimia 75 ya amana zilizozuiwa mnamo Agosti 2018; robo iliyobaki ikaachwa nyuma katika Chase, ambayo nayo iliingia kwenye ufilisi mwaka 2021.

Bima ndogo ina ubaya mwingine: haizuii foleni. Uingereza ilijifunza hilo Septemba 2007. Benki ya Northern Rock ilipoomba msaada wa Benki Kuu ya Uingereza, watu walipanga mistari mitaani kwa siku kadhaa, jambo ambalo halikuwahi kuonekana nchini humo kwa zaidi ya miaka 100. Bima yao ililipa pauni 2,000 za mwanzo kwa ukamilifu, na asilimia 90 tu ya pauni 33,000 zilizofuata. Mwenye akili timamu angefanya nini? Angeenda kupanga mstari, kwa sababu kubaki nyumbani kungemgharimu. Foleni zilikwisha pale serikali ilipotangaza kwamba inadhamini amana zote za benki hiyo. Baada ya hapo Uingereza iliifuta kabisa ile asilimia 90 na kupandisha kiwango.

Marekani ilikuwa imepitia njia hiyo mapema zaidi. Kati ya 1930 na 1933 maelfu ya benki zilifungwa huko. Rais Franklin Roosevelt alipoingia madarakani Machi 1933, alizifunga benki zote za nchi kwa siku kadhaa ili zikaguliwe. Jumapili ya Machi 12 akazungumza redioni, kwa lugha ambayo mkulima na fundi wangeielewa, akieleza benki hufanyaje kazi na kwa nini zile zitakazofunguliwa zitakuwa salama. Zilipofunguliwa, watu walirudisha fedha. Mwaka huohuo bima ya amana ya taifa ikaundwa. Leo inalinda hadi dola 250,000.

Kenya ilipandisha bima yake hadi Sh500,000 mnamo Julai 2020. Tanzania nayo, kupitia Bodi ya Bima ya Amana, imepandisha kutoka Sh1.5 milioni hadi Sh7.5 milioni za huko. Ni hatua za kupongezwa. Lakini turudi kwa wale akina mama 20. Kwa Sh500,000, kila mmoja anapata Sh25,000 kati ya Sh60,000 alizochanga. Bado amepoteza zaidi ya nusu. Vyama ndivyo nguzo ya akiba ya wanawake na vijana wetu, na ni haki vihesabiwe kwa idadi ya wanachama wake.

Nani abebe hasara

Benki inapoanguka, hasara ipo tayari. Haifutiki kwa hotuba. Kinachobaki ni kuamua nani aibebe. Wapo watu wa aina nne: mwenye hisa, mkopeshaji mkubwa, mwenye akiba na mlipakodi. Mpangilio wa haki wa kuibeba ni huohuo wa orodha hiyo: mwenye hisa wa kwanza, mlipakodi wa mwisho kabisa.

Sweden ilifuata mpangilio huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei za nyumba na majengo zilianguka nchini humo, na benki kubwa zikawa hoi. Septemba 1992 serikali ilitangaza kudhamini madeni yote ya benki. Serikali na upinzani waliafikiana, kwa hiyo hakuna aliyetumia hofu ya watu kutafuta kura. Lakini dhamana ile haikuwa kwa wenye hisa. Benki iliyotaka fedha za umma ilifunua vitabu vyake vyote na kushusha thamani ya mali zake hadi bei halisi. Mikopo mibovu ya Nordbanken ikahamishiwa kampuni ya Securum, iliyoiuza taratibu. Sehemu kubwa ya fedha za serikali ikarudi.

Marekani mwaka 2008 ilienda njia nyingine. Lehman Brothers iliachwa ifilisike Septemba 15, na soko la dunia likaganda. Oktoba 3, Bunge likapitisha mpango wa dola bilioni 700. Mfumo wa benki uliokolewa, na bila hatua hiyo hali ingekuwa mbaya zaidi. Ila benki nyingi kubwa zilipewa mtaji huku viongozi wake wakibaki vitini, na mamilioni ya familia zikapoteza nyumba. Hasira iliyoachwa na mgawanyo ule wa hasara ilitikisa siasa za nchi hiyo kwa miaka mingi.

Machi 2023, Silicon Valley Bank ilipoanguka baada ya wateja kuomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wakitumia simu na kompyuta tu, serikali ilifanya tofauti. Ililinda amana zote, lakini wenye hisa walipoteza, na viongozi wakaondolewa. Mwendokasi huo wa siku moja utushtue sisi tuliozoea kutuma fedha kwa simu kuliko mataifa mengi. Foleni ya leo haionekani mtaani.

Hapa kwetu tumejaribu njia mbalimbali. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifunga benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji, zikiwamo za wananchi za Njombe na Meru na ya ushirika ya Kagera. Wateja wakaelekezwa kwenye bima, ambayo wakati huo ilikuwa Sh1.5 milioni. Lakini Agosti mwaka huohuo Bank M ilipokosa ukwasi, Benki Kuu ilichukua usimamizi, na mapema 2019 mali na madeni yake yakahamishiwa Azania Bank. Huko Uganda, Crane Bank ilichukuliwa na Benki Kuu Oktoba 2016 na kuuzwa kwa benki ya dfcu Januari 2017. Wateja waliendelea kuhudumiwa bila kupoteza akiba, ingawa namna uuzaji ulivyofanyika ilizua uchunguzi wa Bunge na kesi zilizodumu miaka.

Ukizilinganisha, funzo ni kwamba kuhamisha amana kwenda benki nzima ni bora kuliko kufunga mlango na kumwachia mfilisi. Lakini uhamishaji huo ufanyike kwa vitabu vilivyo wazi, mnunuzi apatikane kwa ushindani, na bei itangazwe, ili umma usibaki na shaka kwamba moto umetumiwa kama nafasi ya kugawana nyumba.

Dawa isiyolingana na ugonjwa

Migogoro pia huzaa sheria za haraka. Baada ya misukosuko ya 2015 na 2016, hasira dhidi ya benki nchini Kenya ilikuwa kubwa, na riba za mikopo zilikuwa juu mno. Agosti 24, 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyoweka ukomo wa riba kuwa pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Wananchi walishangilia, na haki yao ya kulalamika ilikuwa ya kweli.

Lakini benki zilijibu kwa namna ambayo wachumi wengi waliihofia. Mfanyabiashara mdogo asiye na hati ya ardhi alionekana hatari kuliko riba iliyoruhusiwa, basi akanyimwa mkopo. Fedha zikaenda kwenye hati za hazina za serikali. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, ambao ulikuwa umeanza kupungua kabla ya sheria, ulishuka hadi takriban asilimia 2 tu kufikia 2017. Waliokosa benki wakageukia mikopo ya simu, yenye gharama kubwa zaidi ikihesabiwa kwa mwaka. Novemba 2019 ukomo huo ukafutwa.

Kosa halikuwa kumtetea mkopaji. Kosa lilikuwa kutibu bei na kuacha chanzo. Riba hupungua pale benki zinaposhindana kwa haki, taarifa za wakopaji zinapokuwa sahihi, mahakama zinapoamua kesi za madeni kwa wakati, na serikali inapoacha kukopa kwa pupa ndani ya nchi. Hayo huchukua muda na hayapati makofi bungeni, lakini ndiyo yanayodumu.

Zipo hatua zilizolenga chanzo. Novemba 2015 CBK ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za benki ili kwanza izisafishe zilizopo, na zuio hilo lilidumu hadi Julai 2025. Sheria ya 2024 inazitaka benki za Kenya zipandishe mtaji wa msingi kutoka Sh1 bilioni hadi Sh10 bilioni kwa awamu kufikia 2029. Mtaji ni fedha ya mwenye benki inayoungua kabla ya fedha ya mteja. Ukiwa mnene, mwenye benki hufikiri mara mbili kabla ya kujikopesha.

Akiba isiyo na mlinzi

Hata hivyo, mageuzi yote hayo yanahusu benki. Mamilioni ya walimu, polisi, wauguzi, wakulima na wenye bodaboda huweka akiba zao kwenye sacco na vikoba. Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya Kenya ya mwaka 2008 ilitaja mfuko wa kudhamini amana za wanachama. Kwa miaka mingi mfuko huo umebaki kwenye karatasi.

Gharama ya uzembe huo imekwisha kuonekana. Mwanzoni mwa 2025 serikali ilitangaza matokeo ya ukaguzi maalumu wa KUSCCO, umoja ambao sacco nyingi zilikuwa zimeweka fedha zao, na pengo lililotajwa lilizidi Sh13 bilioni. Ni hadithi ya Imperial katika mavazi mengine: vitabu vilivyoonyesha faida, ukaguzi usiofika mbali, na mwanachama wa chini anayesikia mwisho.

Mwalimu wa Kitui aliyekatwa mshahara kwa miaka 20 kuweka akiba kwenye sacco anastahili ulinzi uleule anaopewa mwenye akaunti katika benki kubwa ya Nairobi. Hakuna hoja ya uchumi wala ya haki inayoweza kutetea tofauti hiyo.

Wajibu wetu

Kwa wabunge na wasimamizi, madai ni machache na yanawezekana. Mfuko wa dhamana ya sacco uanze kazi. Kiwango cha bima kipitiwe kila baada ya miaka michache kufuatana na mfumuko wa bei, na akaunti za vyama zihesabiwe kwa idadi ya wanachama. Benki ikifungwa, umma uambiwe ndani ya siku chache nani atalipwa nini na lini. Wakurugenzi na wakaguzi waliotia saini hesabu za uongo washtakiwe, na mali zao zifuatwe, badala ya kesi kuburutwa hadi watu wasahau.

Kwako msomaji mwenye akiba, usingoje kulindwa tu. Benki za Kenya huchapisha hesabu zao kila robo mwaka. Usiishie kwenye mstari wa faida. Shuka hadi sehemu ya mikopo isiyolipika, kisha mikopo kwa watu wa ndani, kisha uwiano wa mtaji na ukwasi dhidi ya viwango vya chini vya kisheria, ambavyo huandikwa papo hapo. Mikopo ya watu wa ndani ikipanda kila robo huku ukwasi ukishuka, uliza. Kama akiba ya chama chenu imezidi kiwango cha bima, igaweni katika benki mbili au tatu. Na kwenye mkutano mkuu wa sacco yako, kabla ya kupiga kura ya gawio, simama uulize fedha zimewekwa wapi na nani amezikagua. Fedha ni zako, na jibu ni haki yako.